Nyuzi Zilizochoka

Jumapili moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamekaza, niliketi upenuni kwetu Tandika na jiko la mkaa mbele yangu. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria la zamani lililokatika mishikio, na ndani ya sufuria nyuzi nne za gita la besi, zimeviringishwa kama ngata ya kubebea ndoo kichwani. Mama mwenye nyumba alipita na kapu lake, akasimama.

“Leo unachemsha nini, jirani?”

“Nyuzi za gita, mama.”

“Zina nini?”

“Zimechoka.”

Aliinama akachungulia maji yalivyokuwa yanaanza kubadilika rangi. “Basi afadhali zao,” alisema, “zimepata wa kuzihudumia.” Akaenda zake sokoni.

Usiku wa kuamkia siku ile tulipiga harusi Mbagala. Tangu wimbo wa pili nilijua kwamba besi yangu haiko ukumbini. Mikono yangu ilikuwa inacheza, spika zilikuwa zinatikisika, lakini sauti ilitoka kama mtu anayegonga mlango uliowekewa godoro. Fundi mitambo alinitazama, akapandisha sauti za juu, akapandisha tena, mwisho akainua mabega. Hakuna kitufe kinachoweza kupandisha kitu ambacho uzi wenyewe hautoi. Mpiga solo alinisogelea katikati ya chemko, pale wimbo unapokolea, akaniambia sikioni, “Kaka, uko wapi?” Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Mwalimu wangu wa besi ni mzee wa Mwananyamala, upande wa Kinondoni, aliyepiga muziki wa dansi tangu ujana wake wa miaka ya 1970 mpaka vidole vilipoanza kumuuma. Hapendi kutajwa, nami nitamwita Mzee tu. Siku ya kwanza nilipomfikia na besi yangu, baada ya shikamoo na marahaba, hakuniuliza najua nyimbo gani. Alilichukua gita, akalilaza mapajani, akapitisha ukucha wa kidole gumba chini ya uzi mnene, kutoka freti ya kwanza mpaka ya 12. Alifanya hivyo kwa kila uzi, amefumba macho. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo ndiyo kipimo changu:

“Uzi wa besi haufi upesi hivyo, mwanangu. Unajaa. Huu umejaa. Ila huu wa pili, huu umekufa.”

Wakati ule sikuelewa tofauti. Kwangu mimi uzi uliopoteza mlio ulikuwa uzi mbovu, na dawa yake ilikuwa ni kukusanya fedha mpaka zitoshe seti nyingine kutoka Kariakoo. Mzee alinifundisha kwamba kuna mambo mawili hapo, na mtu akiyachanganya atatupa kizima au atahangaika na maiti.

Uzi wa besi una sehemu mbili. Katikati kuna kiini cha chuma cha pua, mara nyingi chenye pembe sita, na juu yake umezungushiwa waya mwembamba, mzunguko baada ya mzunguko, toka mwanzo hadi mwisho. Waya huo wa juu huwa ni chuma kilichopakwa nikeli, au chuma kisichoshika kutu. Baina ya mzunguko na mzunguko unaofuata kuna kifereji chembamba ambacho jicho halikioni vizuri, ila ukucha unakisikia. Ndiyo ile sauti ya kukwaruza unapoteleza kwenye uzi mpya. Humo kwenye vifereji ndimo kila kitu kinapoingia. Kila kidole kinapobonyeza kinaacha jasho, mafuta, na chembe za ngozi iliyokufa. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, ukumbi umejaa, feni moja inazunguka kwa uvivu, mpiga besi anamwaga jasho saa tano mfululizo. Ongeza vumbi la barabara zetu, na ule unyevu wenye chumvi unaotoka baharini ambao unakula mabati, mageti na bawaba za madirisha. Baada ya miezi michache vifereji vimeziba kabisa. Uzi unakuwa laini kwa kidole, na watu wengine hufurahi wakidhani kwamba sasa umezoea.

Kinachotokea kwenye sauti ni hiki. Uzi wa A wa besi, ukipigwa mtupu, unatikisika mara 55 kwa sekunde. Lakini hautikisiki kwa urefu wake wote tu. Papo hapo unajigawa nusu, theluthi, robo, na kuendelea, na kila mgawanyo una sauti yake: 110, 165, 220, hadi juu kabisa. Sauti hizo za juu ndizo zinazoupa uzi mpya ule mlio wa kengele, na ndizo zinazomwezesha msikilizaji aliye mwisho wa ukumbi kutambua noti gani imepigwa hata kama kuna tarumbeta mbili na kelele za wachezaji. Uchafu ukijaa, uzi unakuwa mzito hapa na mwepesi pale, na ile mizunguko haisogei tena kwa uhuru. Sauti za juu zinamezwa kwanza. Ile ya chini inabaki, inanguruma bila jina. Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, aliandika mwaka 1636 kwamba sauti ya uzi inatokana na urefu wake, mkazo wake na uzito wake. Tunaposema uzi umejaa tunazungumzia hilo la tatu: uzito umeongezeka, tena haukuongezeka sawasawa. Ndiyo maana uzi wa namna hiyo hata tuni haukubali. Utautuni ukiwa mtupu, ukifika freti ya 12 unakwenda njia yake.

Huo ni uzi uliojaa. Uzi uliokufa ni habari nyingine. Ule ukucha wa Mzee ulikuwa unatafuta vishimo chini ya uzi, mahali freti zinapouuma kila siku. Uzi wenye vishimo vya kina, au uliovutwa na kulegezwa mara nyingi mpaka chuma chake kimechoka kwa ndani, hata ukiuosha kwa maji ya waridi hautarudi. Kwa hiyo kabla hujawasha jiko, pitisha ukucha. Mimi sasa nafanya hivyo hata kwenye gita la mtu mwingine, mkono unakwenda wenyewe.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Nilizilegeza nyuzi kidogo kidogo kwa zamu, huu nusu mzunguko, ule nusu mzunguko, kwa sababu besi ya kawaida yenye nyuzi nne inabeba mkazo wa kilo 70 hivi. Huo ni zaidi ya mfuko wa simenti unaovuta shingo ya mti usiku na mchana, na shingo iliyozoea mzigo huo haipendi kuutua ghafla. Nyuzi zikitoka kwenye funguo unaziacha na mikunjo yake ya mwisho kama ilivyo. Ukijaribu kuinyoosha umeianzishia safari ya kukatika, maana siku ya kuzirudisha kila mkunjo unatakiwa ulale pale pale ulipokuwa.

Maji ni ya bomba au ya mvua. Kisima hapana. Mitaa mingi ya Temeke tunaishi kwa visima ambavyo maji yake yana chumvi. Ukiyachemshia uzi umeupikia kutu. Kwenye maji Mzee hutia kipande cha magadi, kiasi cha punje tatu za mahindi, magadi yale yale ambayo mama zetu hutia kwenye maharage ili yaive upesi. Magadi yana nguvu ya kuvunja mafuta, yanayageuza kuwa kama sabuni. Nilipomuuliza kwa nini asitumie sabuni ya kuoshea vyombo, maana inafanya kazi hiyo hiyo, aliniambia kwamba alipoanza kuchemsha nyuzi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni haikuwepo. Sabuni ilikuwa ya foleni, sawa na sukari na kanga. Nyumba nyingine walifulia majani ya mpapai. “Ungepata mche wa sabuni,” alisema, “halafu uwaambie watu wa nyumbani kwamba unakwenda kuogesha gita?”

Dakika kumi zinatosha. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu au ya nne, vipovu vinaanza kutoka kwenye nyuzi zenyewe, vidogo kama vichwa vya sindano, vikipangana kufuata mizunguko ya waya, na katika kila kipovu kuna moshi mdogo wa uchafu unaopanda. Maji yanageuka rangi ya chai kavu, kisha yanakuwa meusi zaidi, na juu yanafanya utando unaong'aa. Kuna harufu pia, ya chuma na ya jasho la kale. Mara ya kwanza niliyatazama maji yale kwa muda mrefu. Ilikuwa ni miezi saba ya Jumamosi zangu. Kila harusi, kila kipaimara, kila usiku tuliolipwa pungufu kwa maelezo kwamba watu hawakujaa, vidole vyangu vilikuwa vimeacha kitu humo, na sasa kilikuwa kinaelea kwenye sufuria lisilo na mishikio. Sijui kama kuna kazi nyingine ambayo mtu anaweza kuuona uchovu wake kwa macho namna ile.

Baada ya hapo nyuzi zinasuuzwa kwa maji mengine ya moto, safi, ili magadi yasibaki. Zinapanguswa kwa kipande cha kanga iliyochakaa, ambacho ni laini kuliko taulo na hakiachi manyoya. Kisha zinakaushwa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Uzi unaonekana mkavu kwa nje ilhali maji yamejificha baina ya waya na kiini, na kutu itaanzia huko ndani usikoweza kufika. Mzee huzitandaza juu ya wavu, wavu huo akauweka juu ya mkaa uliokwishafifia, mahali ambapo mkono unavumilia joto bila kuungua. Nusu saa. Anazigeuza kama mtu anayechoma dagaa. Masika usithubutu kuzianika nje. Hewa yenyewe ni maji.

Siku hizi nimeanza kutumia spiriti pia, na kwa kweli ni njia bora. Unachukua bomba la plastiki la mafundi bomba, urefu wa mita moja, unaziba chini kwa kifuniko cha gundi na juu kwa kifuniko cha kufungua. Nyuzi zinalala humo usiku kucha. Spiriti inapenya kwenye vifereji, inayeyusha mafuta, na ukizitoa inakauka yenyewe, hakuna kutu. Uchafu unatuama chini, spiriti unaichuja na kuitumia tena. Tahadhari ni mbili: ile ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda, mara nyingi ina maji karibu theluthi, kwa hiyo tafuta yenye nguvu zaidi; na iwe mbali na jiko, mbali kabisa, kwa sababu mvuke wake unashika moto kabla hujageuka. Nilimpelekea Mzee bomba langu. Alilitazama kwa heshima, akalirudisha. Yeye ni mtu wa sufuria.

Wapiga solo wasiniamini sana katika hili. Nyuzi nyembamba za gita, zile tatu za chini, ni waya mtupu usiozungushiwa kitu. Hazina vifereji, hazina kilichojaa. Zinashika kutu tu na kutu inazila. Hizo panguza kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na zikianza kuwa na madoa meusi zibadilishe kabla hazijakukatikia katikati ya wimbo. Nyuzi za udi na za gita la nailoni nazo zisiguse maji ya moto, kwa kuwa kiini chake si chuma.

Ukizirudisha nyuzi kwenye besi baada ya kuziosha, ule mlio wa kwanza unashtua. Ni kama mtu ametoa pamba masikioni mwako. Lakini nisiwadanganye vijana: haudumu. Wiki mbili, tatu, kwa mpigaji wa kila Jumamosi, kisha unaanza kufifia, na safari hii unafifia upesi kuliko uzi mpya, kwa sababu ile nikeli ya juu imeshalika. Kwa kawaida uzi unaweza kuchemshwa mara mbili, pengine tatu. Kila unapoulegeza na kuukaza tena unaukata kidogo.

Hapo sasa swali linakuja: je, ni lazima besi ing'ae? Mzee na mimi tumelibishania hili mara nyingi. Detroit, Marekani, alikuwepo James Jamerson, mpiga besi wa Motown aliyefariki mwaka 1983. Inajulikana kwamba alikuwa habadilishi nyuzi mpaka zikatike, na nyimbo alizopiga zilitikisa dunia. Nyuzi zake zilikuwa za waya bapa, zisizo na vifereji vingi, na alipenda ule uzito wao. Mzee anakubali. Anasema dansi letu la zamani nalo lilitaka besi yenye mwili wa mti, inayoruka na kunyamaza, inayoacha pengo ili rizim na solo ya pili zipite humo. Ukisikiliza nyimbo zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam enzi hizo, besi haina mng'aro wa kengele hata kidogo, na bado unaweza kuiimba noti kwa noti. Ila Mzee anaongeza jambo ambalo watu wa zilipendwa hulisahau. Uzi wa Jamerson ulikuwa mzee kwa hiari ya Jamerson. Wa kwake yeye ulikuwa mzee kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina la bendi likawa linabadilika chama kilipobadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo watu wanaijua kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Vijana Jazz, ambayo wakazi wa Kinondoni wa rika la Mzee wanaikumbuka pale Vijana Social Hall, ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikaja kuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo DDC. Utaratibu huo uliwapa wanamuziki mshahara wa mwezi, jambo ambalo mimi na wenzangu tunaliota tu. Lakini vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Gita lilikuwa lake, amplifaya ilikuwa yake, na uzi ulikuwa wake. Mwanamuziki aliyehama bendi, na walihama sana, aliondoka na vidole vyake na nyimbo zilizo kichwani.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka. Nchi ilikuwa inatafuta mafuta ya magari na dawa za hospitali, nani angesimama kuomba kibali cha kuagiza nyuzi za gita? Mzee anasimulia kwamba katika bendi aliyopigia uzi mpya ulitoka stoo kwa kurudisha uliokatika. Ukienda na uzi mzima uliofifia, mtunza stoo anaupiga kwa kidole, unalia, anakwambia nenda kapige. Kwa mtunza stoo uzi wenye kulia ulikuwa uzi mzima. Ndipo wapiga besi wakaanza kuchemsha. Hawakusoma mahali. Mmoja aliona mkewe anachemsha nepi, akasema mbona. Huyo mke, anasema Mzee, ndiye aliyetoa na wazo la magadi, na jina lake halimo kwenye jalada la santuri yoyote.

Nina mambo mawili moyoni kuhusu habari hii, na sitaki moja limeze jingine. Ninaustahi ujuzi huu. Watu waliokosa karibu kila kitu waligundua, kwa macho na masikio yao, jambo ambalo wapiga besi wa nchi tajiri nao waligundua kwao, kwamba uzi unajaa kabla haujafa. Waliulinda muziki kwa magadi na mkaa. Mtoto wa Tandika anayetengeneza gita la galoni ya mafuta na waya wa breki ya baiskeli yuko katika ukoo huo huo, na ukoo huo umetupa wapigaji ambao leo tunawaita magalacha. Lakini kila ninapoketi mbele ya sufuria najua pia kwamba ninafanya kazi ambayo mtu mwingine ameamua asiilipie. Miaka ile ilikuwa ni mtunza stoo na kibali cha kuagiza. Leo nyuzi zimejaa madukani Kariakoo, za kila unene na kila bei, na mimi bado ninachemsha, kwa sababu seti moja nzuri ya besi inazidi malipo yangu ya usiku mzima.

Watu hupenda kuniambia kwamba dansi limekufa. Wanasema kinanda kinatoa besi, solo na tarumbeta kwa mkono mmoja, na kwamba vijana wa Temeke wana singeli, ambayo haihitaji uzi hata mmoja. Singeli sina ugomvi nayo. Ni muziki wa mtaa wangu na una moto wake. Lakini hilo la kufa napenda mtu aliseme akiwa amepitisha ukucha kwanza. Nimekaa TCC Chang'ombe nikamsikiliza mpiga besi wa Msondo, nimesimama Mango Garden Kinondoni nikiwatazama Twanga Pepeta, na nilichosikia ni watu wenye ujuzi wote unaotakiwa wakipigia vyombo vilivyochoka. Siwezi kukiita hicho kifo.

Mwaka jana Mzee alinikabidhi bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na uzi mmoja wa E, mnene, umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa uzi wa cherehani. Juu ya bahasha ameandika kwa kalamu ya wino mwaka 1984 na neno “mara 5”. Umechemshwa mara tano. Unaonekana mwembamba katikati, na chini yake freti zimeuchonga mpaka unaweza kuhesabu vishimo kwa kidole bila kuangalia. Nilimuuliza kwa nini ameutunza. Alisema siku alipopata mwingine, tayari biashara ya nje imefunguliwa kidogo na nyuzi zinaingia mifukoni mwa mabaharia, aliona haya kuutupa uzi uliompigia watu wengi vile.

Nyuzi zangu za Jumapili ile zilikauka kabla ya magharibi. Nilizifunga, nikatuni, nikapiga A mtupu. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa anachambua mchicha upande wa pili wa ua, aliinua kichwa. “Zimepona?” Nikamwambia zimepona kwa leo.

Ninaomba mambo mawili, na ninayaomba kwa watu tofauti. Mpiga besi mwenzangu, seti unayoitoa kwenye gita usiitupe. Pitisha ukucha, na kama haina vishimo ioshe, ikaushe, itie kwenye bahasha, uandike tarehe na mara ngapi imechemshwa, umpe kijana anayejifunza kwa gita lenye nyuzi mbili. Nawe mwenye harusi, mwenye ukumbi, mwenye baa, unapopatana na bendi na kupiga hesabu ya usafiri, chakula na mafuta ya jenereta, andika humo na seti moja ya nyuzi za besi. Iandike kwa jina lake, katika mstari wake, na uilipe kabla muziki haujaanza.